Kozi ya Kiingereza ya jioni hapa Mwanga, Kigoma: nilicholipia, nilichopata, na taulo lililonipotezea mteja

Kila siku pale Kibirizi lazima mtu aniulize, "Mama, ile kozi yako inafaa, na mimi nijiandikishe?" Nimechoka kujibu mmojammoja huku nageuza dagaa, kwa hiyo naandika hapa mara moja, ukisoma usiniulize tena.

Jina la kituo silitaji. Ticha ni kijana anayejitafutia, tena humu ndani nitamsema. Wewe fika Mwanga, ulizia wanapofundisha Kiingereza jioni, nyuma ya wauza vipuri vya pikipiki, utaonyeshwa hata na mtoto.

Nianze na kwa nini mtu wa umri wangu akalipe shilingi 80,000 kukaa darasani. Mimi ni mtu wa dagaa. Nanunua wabichi alfajiri boti zinapoingia, naanika, nafunga, nasafirisha. Mteja wa Kalemie au Lubumbashi tunaelewana kwa Kiswahili. Wa Bujumbura akinichanganyia Kirundi, namjibu kwa Kiha, mambo yanakwenda. Tabu yangu ni Zambia. Kule ni Kibemba na Kiingereza, na mimi Kibemba sina hata salamu. Miaka miwili meseji zangu za Zambia alikuwa ananiandikia mtoto wa dada yangu. Akiwa shuleni biashara inamsubiri atoke shule. Akikorofishana na mimi, biashara inamsubiri acheke. Nikasema hapana, nikasome mwenyewe.

Ada ni hiyo 80,000 kwa miezi miwili, na 5,000 ya kijitabu cha kufotokopi. Jumatatu hadi Alhamisi, saa 11 jioni mpaka saa 12 na nusu. Chumba kidogo, viti vya plastiki, ubao mweupe ambao kalamu yake huisha wino katikati ya sentensi. Umeme ukikatika wanawasha taa ya sola inayoangaza ubao na kuacha sisi gizani, na mbu wa Mwanga mnawajua. Choo kipo, ufunguo unaombwa dukani. Hayo yanatosha kuhusu jengo.

Tulikuwa 13. Vijana wawili wa bodaboda, nesi, binti anayesubiri matokeo, fundi cherehani, baba mmoja anayepeleka watalii Gombe kwa boti, ndugu mmoja kutoka Kalemie anayejua Kifaransa kama maji, na wengine wa hapa na pale. Mkubwa kuliko wote mimi. Siku ya kwanza wakanipa kiti cha mbele, nikahisi niko msibani.

Sasa, ticha anajua kufundisha, na hilo lisemwe kabla sijafika kwenye ugomvi wetu. Nusu saa ya kwanza Kiswahili ni marufuku. Ukikosa neno, onyesha kwa mikono, chora, lia, lakini Kiswahili usiseme. Kila mtu alitakiwa kuandika bei za biashara yake na kuzisoma kwa sauti, na wengine wabishane naye bei kwa Kiingereza. Baba wa boti alibishana na bodaboda mpaka tukasahau kwamba ni darasa.

Wiki ya tatu alifanya jambo ambalo sitalisahau. Alitoka nje bila kusema kitu, akaenda kusimama chini ya mpera, akanipigia simu. Namuona dirishani kabisa, ameweka simu sikioni, amenipa mgongo. Nikapokea. Akajifanya mtu wa Lusaka, anaongea kwa pua, anataka kilo 400, anauliza mchanga. Mchanga! Mteja wa dagaa swali lake la kwanza ni mchanga, maana wanaoanika chini ufukweni wanauza nusu dagaa, nusu ufukwe. Nikamjibu kwamba wangu ni wa chanja, hawajagusa chini, aje aonje. Niliongea dakika nne. Jasho lilinitoka mpaka mgongoni, darasa zima limenyamaza linanisikiliza, na nilipokata simu wakapiga makofi. Kwa dakika zile nne tu, nilishaona 80,000 yangu imerudi.

Ndiyo maana ukurasa wa 11 uliniuma.

Ukurasa wa 11 wa kijitabu ni wa nahau. Juu kumeandikwa "Kushindwa", chini kuna nahau za Kiingereza mkono wa kushoto na maana ya Kiswahili mkono wa kulia, mstari mmoja mmoja, kama orodha ya madeni. Ya kwanza ni "throw in the towel". Mbele yake: kuchoka sana, kukata tamaa. Basi. Ticha akatuimbisha throw, threw, thrown mara ishirini, tukaijua mpaka usingizini, akahamia nahau inayofuata. Taulo lenyewe linatoka wapi, linatupwa wapi, na nani, hakuna aliyesema na hakuna aliyeuliza. Mimi nilidhani ni taulo la kuogea. Nikaona kabisa mtu aliyechoka anarudi nyumbani, anaoga, anatupa taulo kitandani, anajilaza. Ilinikaa vizuri sana kichwani, na ndiyo hatari ya picha nzuri.

Haikupita wiki mvua ikanikuta na mzigo kwenye chanja. Wenye kazi hii mnajua. Dagaa wanataka jua la siku moja zuri, wakikosa siku ya kwanza unawafunika na turubai unaomba ya pili, wakikosa ya pili wanaanza kubadilika rangi, ya tatu harufu inakuja, na hapo unaanza kuwatafuta wafuga kuku. Mvua ilipiga siku tatu. Mteja wangu wa Kasama, kule Zambia, alikuwa amenipa oda ya kilo 600, tunaheshimiana, hajawahi kunisumbua malipo. Usiku wa siku ya tatu, nimelowa, nimekasirika, nikaona nimwandikie mwenyewe, bila mtoto wa dada. Tena nijivunie kidogo. Nikaandika: "My brother, three days rain. I throw in the towel."

Akajibu pale pale: "Noted madam. All the best."

Nikasema moyoni, ona ustaarabu, mtu ananitakia heri. Nikalala vizuri.

Jua likarudi, nikanunua upya, nikaanika, nikafunga. Siku ya tisa nikampigia kumwambia mzigo uko tayari, gari linaweza kuondoka kwenda Tunduma. Yule bwana akashangaa kweli kweli. Ameshachukua kwa mtu mwingine, mzigo uko njiani. Akasema, kwa upole kabisa, mimi ndiye niliyemwambia nimejitoa.

Nilimwonyesha meseji mtoto wa dada. Akasoma, akanitazama, akasoma tena. "Mama mdogo," akasema, "hapa ulimwambia umeacha."

"Nimeacha nini? Nilimwambia nimechoka!"

"Umeacha biashara. Umesalimu amri."

Faida ya safari ile ingelipa kozi mara tano na kijitabu juu. Hasira ikanipanda dhidi ya ticha, dhidi ya Waingereza, dhidi ya mtu yeyote mwenye taulo.

Aliyenituliza ni mzee mmoja mpakiaji pale mwaloni, ambaye ujanani alipigana ngumi za ridhaa Dar es Salaam. Pua yake inathibitisha. Nilikuwa namsimulia mwenzangu huku nalia hasara, mzee akatua gunia, akakaa juu yake.

"Taulo hilo ni la ulingoni, mwanangu," akasema. "Si la bafuni."

Akanieleza. Bondia ana watu wake kwenye kona. Raundi ikiisha anakaa kwenye kigoda, wanampa maji, wanamfuta damu na jasho kwa taulo. Sasa raundi ikiendelea, wale wa kona wakiona mtu wao anapigwa na hajibu tena, macho yamekwenda, mmoja anachukua lile taulo analirusha ulingoni. Maana yake: tumekubali, pambano liishe, mtu wetu asiumie zaidi.

"Kwa hiyo bondia anarusha taulo kwa sababu amechoka," nikasema, bado natafuta pa kujitetea.

Mzee akacheka. "Bondia atarushaje taulo? Ana glavu mikononi. Hata kamasi hawezi kujifuta." Akaonyesha ngumi zake mbili, zimefungwa, zinajaribu kushika kona ya gunia na kushindwa. "Anayerusha ni mtu wa kona. Na bondia mwenyewe mara nyingi hataki. Mimi walinirushia mara moja, nikakaa mwezi mzima sisemi na kocha wangu."

"Na kocha?"

"Kocha alikuja kunitembelea nyumbani kila Jumapili. Simsemeshi. Anakunywa chai, anaondoka."

Akainuka, akabeba gunia lake, akaenda. Nilibaki nimesimama pale na chekeche mkononi.

Usiku nikaingia kwenye simu kusoma, na hapo ndipo nilipoona kumbe jambo lenyewe lina marefu na mapana. Kwa Waingereza zamani haikuwa taulo, ilikuwa sponji. Karne ya 19, mabondia wakipigana ngumi kavu, mtu wa kona alifuta uso wa mtu wake kwa sponji, na akitaka pambano liishe alirusha sponji juu. Nahau ikawa ya sponji kwanza, taulo likaja baadaye likaitoa. Nikakuta pia kwamba taulo si sheria ya Mungu, mwamuzi anaweza kulikataa. Juni 1938 kule New York, Joe Louis alikuwa anamshukia Max Schmeling, Mjerumani ambaye alikuwa amemwangusha miaka miwili nyuma. Raundi ya kwanza haijaisha, Schmeling yuko hoi, kona yake ikarusha taulo. New York walikuwa hawalitambui tena. Mwamuzi, Arthur Donovan, akaliokota akalitupa pembeni, likaning'inia kwenye kamba, kisha akalisimamisha pambano mwenyewe. Taulo limening'inia kwenye kamba kama la mtu aliyefua.

Na nikaona kwamba katika Kiingereza cha kila siku mtu anaweza kusema amerusha taulo yeye mwenyewe, kona au si kona. Aliyefungua mgahawa miaka mitatu hapati wateja akafunga. Aliyegombea akajitoa. Aliyekuwa akibishana na mamlaka juu ya kiwanja akaacha. Wote wanasema hivyo. Ila lazima kuwe na jambo ulilokuwa unalipigania, na sasa umeliacha. Uchovu peke yake hautoshi. Unaweza kuwa hoi bin taabani na taulo lako liko begani. Kwa hiyo mteja wa Kasama alinisoma sawasawa kuliko nilivyojisoma mimi. Simlaumu.

Alhamisi nikaenda darasani na meseji yangu. Ticha akaisoma, masikio yakamwaka. Ni mtu mzuri, hakukataa. Alisema tu kwamba kijitabu alikirithi kwa aliyemtangulia, na kwamba "kukata tamaa" si mbali na maana. Hapo ndipo darasa lilipogeuka kijiwe, na Kiswahili kikaruhusiwa kwa nguvu ya umma.

Mimi nikasema, kukata tamaa kuko moyoni. Unaweza kukata tamaa ukiwa bado unapigana, watu wengi wanafanya hivyo kila siku, hata ndoa nyingine ziko hivyo. Kurusha taulo ni kitendo, watu wanakiona, pambano linaisha. Nesi akasema, basi ni kunyoosha mikono. Bodaboda mmoja akasema hapana, kunyoosha mikono ni mbele ya bunduki, unamwogopa aliye mbele yako. Kwenye taulo unamhurumia aliye upande wako. Nilimtazama yule kijana kwa heshima mpya. Kila siku ananipitishia kwenye mashimo, kumbe ana akili hivi.

Fundi cherehani, ambaye tangu kozi ianze alikuwa hajasema neno bila kuulizwa, akasema taratibu: "Si ndiyo kubwaga manyanga?"

Kimya. Halafu wote tukapiga kelele. Ndiyo! Kubwaga manyanga! Kila siku tunasoma magazetini, kocha fulani kabwaga manyanga, mwenyekiti fulani kabwaga manyanga, na hakuna aliyefikiria. Manyanga ni vile vibuyu vya kutikisa vya mganga. Mganga akiona ugonjwa umemzidi, ngoma imepigwa usiku kucha na mgonjwa ni yule yule, anavitua chini. Ameacha. Kazi imeisha, watu watawanyike. Mganga na kona ya bondia, mbali namna hiyo, na wote wawili wanatupa chini kifaa cha kazi. Ticha akaandika ubaoni, kalamu ikaisha wino kwenye "manya".

Ndugu yetu wa Kalemie naye akaongeza kwamba kwa Kifaransa wanasema "jeter l'éponge", kurusha sponji. Nikaruka kwenye kiti, maana nilikuwa nimesoma habari ya sponji usiku uliotangulia na nilikuwa nimeiweka akiba. Kumbe Wafaransa wamebaki na sponji mpaka leo. Nilifurahi kama niliyekuta ndugu sokoni. Na nyie waandishi wa michezo mnaoandika "amerusha taulo" kwa Kiswahili, sina ugomvi nanyi kama mnaandika ngumi. Mkiandika siasa, rudini kwenye manyanga, tunayo yetu.

Ukurasa wa 11 una nahau nyingine. "Wave the white flag", kupeperusha bendera nyeupe, haina tabu. "Bite the dust" kimeandikwa kula vumbi, na hapo pana mtego mdogo: kwetu aliyekula vumbi ni aliyetembea barabara ya Kasulu enzi zile haina lami. Kwao ni kuanguka chini usinyanyuke: mtu kufa, kampuni kufilisika, hata friji kuharibika moja kwa moja. Karibu yake kwetu ni kula mweleka, ingawa aliyekula mweleka anajipangusa na kurudi.

Halafu "meet one's Waterloo". Hii ticha aliieleza kwa kujiamini kabisa: Waterloo ni mto huko Ulaya, jeshi lilizama. Nadhani alidanganywa na lile "water" la mwanzoni, na kwa mtu wa Kigoma kuona maji kila mahali ni haki yake. Lakini si mto. Ni mji mdogo kusini ya Brussels, Ubelgiji ya leo, na ndiko Napoleon Bonaparte, mtawala wa Ufaransa, alikoshindwa Jumapili ya tarehe 18 Juni 1815. Alikuwa ameshawapiga wafalme wa Ulaya zamu kwa zamu, akafungiwa kisiwani Elba, akatoroka, akachukua tena nchi. Waterloo akakutana na Wellington wa Uingereza, na jioni wakaingia Waprusia wa Blücher. Hapo ndiyo basi. Wakampeleka Saint Helena, kisiwa kilicho mbali na kila kitu, akafia huko mwaka 1821.

Kilichoniua kwa kicheko katika habari hiyo ni mvua. Usiku wa kuamkia vita ilinyesha kubwa, ardhi ikawa tope, mizinga haivutiki, na Napoleon akangoja hadi karibu adhuhuri ardhi ikauke kabla ya kuanza. Saa zile alizongoja ndizo Waprusia walizotumia kusogea. Baba, nakuelewa. Mimi nilingoja siku tatu.

Nahau hiyo basi ina masharti. Anayekutana na Waterloo yake lazima awe mtu aliyekuwa akishinda. Timu inayofungwa kila wiki haina Waterloo, ina ratiba. Timu kubwa iliyopita nchi nzima bila kufungwa ikaja kufungwa hapa uwanja wa Lake Tanganyika, hapo sema. Tulijaribu mifano, na baba wa boti akasema George Foreman, Kinshasa, 30 Oktoba 1974: mapambano 40, hajawahi kushindwa, Muhammad Ali akamlaza raundi ya nane. Tukakubali wote. Kisha nesi, simu mkononi, akasema huyo Foreman alirudi akachukua ubingwa wa dunia mwaka 1994 akiwa na miaka 45. Je, hiyo bado ni Waterloo, kama mtu amerudi? Napoleon hakurudi. Tulibishana mpaka mwenye duka akaja kudai ufunguo, na hatukuafikiana. Mimi nasema si Waterloo.

Na nitawaambia nilichomwambia ticha tukiwa tunafunga mlango, maana naona ndicho kilichokosekana ukurasa ule. Mfano mzuri wa taulo hauko New York, uko hapa bandarini kwetu. Julai 1916, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani walikuwa wanapoteza ziwa hili la Tanganyika. Meli zao ndogo mbili zilikuwa zimekwisha: Kingani ilitekwa siku moja baada ya Krismasi ya 1915, Hedwig von Wissmann ikazamishwa Februari iliyofuata. Wabelgiji, hao hao wenye Waterloo, wanasogea Kigoma. Imebaki meli kubwa, Graf von Götzen, iliyoletwa vipande vipande kutoka Ujerumani na kuunganishwa hapa hapa. Wakaamua kuizamisha wenyewe, adui asiipate. Hilo ni taulo. Lakini wahandisi waliopewa kazi hiyo, kabla ya kuizamisha, walizipaka mashine zake grisi nene, kila mahali. Mtu anapaka grisi mashine za meli anayoipeleka chini ya maji. Mwaka 1924 Waingereza wakaiibua, mashine zikafaa, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina jipya. Liemba. Hiyo hiyo tuliyopandishwa tukiwa wachanga mgongoni kwa mama zetu, na nguo tumetapikia.

Nikamuuliza ticha: wale wahandisi walikuwa wamekata tamaa?

Hakujibu kwa Kiingereza wala kwa Kiswahili. Alichukua peni, akafungua kijitabu changu juu ya goti, akakata "kuchoka sana, kukata tamaa", akaandika pembeni "kubwaga manyanga, kuacha jambo ulilokuwa unalipigania". Wiki iliyofuata nikakuta amefanya hivyo kwenye nakala zote, kwa mkono, moja moja. Si kila mwalimu angefanya.

Kwa hiyo, inafaa? Kama unataka kuongea, kupokea simu, kujibu bei, nenda, hela yako haipotei. Kwa kuandika bado ni dhaifu, anasahihisha daftari mara moja kwa wiki na anasahihisha harakaharaka. Nahau anafundisha kama majina ya watoto, bila kukwambia baba ni nani. Yeye mwenyewe nilimshauri ukurasa wa 11 auhamishie hatua ya pili, watu wa mwanzo wafundishwe kusema mvua imenichelewesha wiki moja. Maneno manne, matano, na mteja wangu angekuwa bado ni wangu. Kitu kingine: ongezeni feni ya pili, na kalamu.

Mimi nimeshalipia hatua ya pili. Mteja wa Kasama nilimwandikia tena, safari hii bila taulo wala manyanga, nikamweleza kwamba nilitumia neno nisilolijua na bado niko kazini. Alikaa siku mbili kimya, kisha akauliza bei. Amechukua kilo 200 tu, ananijaribu. Sawa, anijaribu.

Ukienda, mwambie ticha nimekutuma mimi, wa dagaa. Na ukipewa kijitabu, fungua ukurasa wa 11, mstari wa nne. Mto bado uko pale pale.